Kiini Kisicho na Kiini: Uhakiki wa Maneno ya Kiswahili Yahusuyo Seli za Bakteria na Akea

Mtu aliyesikia redioni kwamba bakteria ni viini vya magonjwa, kisha akasoma katika kitabu cha biolojia kwamba seli ya bakteria haina kiini, anaweza kwa haki kabisa kuyaunganisha mafunzo hayo mawili na kusema kwamba bakteria ni kiini kisicho na kiini. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Kila neno lililomo limeandikwa kamusini na linatumika kila siku. Hata hivyo sentensi yenyewe yajikana, na msemaji wake hana wa kumlaumu ila istilahi alizopewa.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, na hasa katika miaka ya sabini na themanini, wataalamu wa lugha wameandika mengi juu ya njia za kuunda istilahi: kukopa, kutafsiri, kuambatanisha maneno, kufufua maneno yaliyokwisha kuachwa, kuazima kutoka lugha nyingine za Kibantu. Kazi hiyo ilizaa matunda, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni mojawapo. Lakini mjadala umeelekea mno kwenye njia, na umekuwa mfupi juu ya swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: maneno hayo yakiisha kupatikana na kuwekwa pamoja, je, yanaafikiana yenyewe kwa yenyewe, na yanaafikiana na kitu yanachokitaja? Istilahi haziishi moja moja. Neno laweza kuwa zuri likiwa peke yake na likawa baya likikutana na jirani yake.

Seli ya bakteria ni mahali pafaapo kwa jaribio hilo. Ni kitu kidogo mno, na takriban habari yake yote ni habari ya ndani na nje, ya kinachofunika na kinachofunikwa. Na katika mambo ya vifuniko Kiswahili si maskini. Nazi moja ina kumbi na kifuu. Yai lina ganda na kaka. Samaki ana magamba. Mti una gome. Maziwa yaliyopoa hufanya utando. Ngoma ina kiwambo. Lugha yenye utajiri wa namna hiyo haina udhuru wa kusema ovyo juu ya vifuniko vya seli.

Yafaa kuanza na kiini. Katika matumizi ya asili neno hili lina maana ya sehemu ya ndani kabisa ya kitu: kiini cha yai, kiini cha mti, na kwa kusafirisha maana, kiini cha hadithi au cha mashauri. Wanabiolojia walipolichagua kuwa jina la sehemu ya seli yenye kutunza DNA, yaani nyuzi za urithi, walifanya vyema. Neno la Kilatini lililotumika Ulaya kwa sehemu hiyo nalo lilikuwa na maana ya kokwa ya tunda, na kwa hiyo tafsiri na asili zilikutana bila kulazimishwa. Kwa upande mwingine watu wa afya walilichukua neno hilohilo kwa njia tofauti. Kwao kiini ni chanzo. Kiini cha ugonjwa ni kile kinachouanzisha. Hapo nako hapana kosa. Kosa lilizaliwa pale matumizi mawili yaliyokua mbalimbali yalipokutana katika kitu kimoja, na kitu chenyewe kikawa bakteria, ambaye sifa yake ya kwanza katika vitabu vyote ni kukosa kile kiini cha wanabiolojia.

Tena madhara hayaishii kwenye sentensi ya kuchekesha. Usemi kwamba seli fulani haina kiini una uzito wake katika Kiswahili. Mazungumzo yasiyo na kiini ni mazungumzo matupu. Mti usio na kiini ni mti uliooza ndani. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili, tofauti na msomaji wa lugha iliyokopa neno la Kilatini bila kulielewa, huelekezwa kufikiri kwamba bakteria ni kitu kitupu, kilichopungukiwa. Ukweli ni kinyume. Bakteria wa utumbo aitwaye Escherichia coli ana DNA yenye jozi za besi takriban 4,600,000. Uzi huo ukinyooshwa hupata urefu wa milimita moja na nusu hivi, ilhali mwenyewe ana urefu wa mikrometa 2 tu, yaani sehemu mbili za elfu ya milimita. Uzi umekunjwa na kusokotwa mpaka ukaenea katika mwili ulio mfupi kuliko uzi wenyewe zaidi ya mara 700. Hilo si jambo la kuitwa utupu. Anachokosa bakteria ni mfuko wa kuufungia uzi huo. Basi ingekuwa sahihi zaidi kusema kwamba ana kiini wazi, na kwamba seli za wanyama na mimea zina kiini funge. Tofauti kati ya wazi na funge inalingana na kitu. Tofauti kati ya kuwa na kutokuwa hailingani.

Yamkini mtu atapinga kwamba vitabu vya Kizungu vyenyewe husema seli hizi hazina kiini, na kwamba si kazi ya mtafsiri kuwasahihisha wenye elimu yao. Hoja hiyo ina nguvu kidogo tu. Mtafsiri huwajibika kwa maana inayofika kwa msikilizaji, na kama neno la Kiswahili limebeba maana ambayo neno la asili halina, kulinyamazia ni kutafsiri vibaya.

Juu ya jina la kitu kizima, yaani seli, hapana haja ya kukawia. Baadhi ya waandishi walipendelea chembe au chembehai kwa kuwa ni maneno ya nyumbani. Lakini chembe ni punje, kitu kigumu kisicho na chumba ndani, na fizikia nayo imekwisha kulidai neno hilo kwa vipande vidogo vya maada. Seli ni neno la kukopa, na wapinzani wake wamelicheka kwa sababu ndilo pia jina la chumba cha kufungia watu katika kituo cha polisi. Wangejua historia wasingecheka. Robert Hooke alipoangalia kipande cha gome kwa hadubini na kuchapisha habari zake mwaka 1665, alichagua jina hilo kwa sababu vijumba alivyoviona vilimkumbusha vyumba vidogo. Mahabusu na bakteria, wote wawili wamo katika maana ya kwanza ya neno.

Kuhusu ukubwa, Kiswahili kina chombo ambacho lugha za Ulaya hazina kwa wepesi huo, nacho ni ngeli. Mdudu hupunguzwa kuwa kidudu, na kidudu akapunguzwa tena kuwa kijidudu. Viambishi viwili vya udogo vimepangwa mmoja juu ya mwingine, na msikilizaji huelewa mara moja kwamba kinachosemwa ni kidogo kupita kiasi. Bakteria wengi wana upana wa mikrometa 1 hivi. Makumi kadhaa yao wangeweza kupangwa bega kwa bega katika upana wa unywele mmoja. Kwa maana hiyo kijidudu ni neno linalosema kweli. Lakini udogo wa ngeli hiyo hubeba pia dharau, na hapo ndipo panapohitaji uangalifu, kwa kuwa udogo wa bakteria si unyonge. Seli ya mviringo yenye kipenyo cha mikrometa 1 ina mikrometa mraba 6 za uso kwa kila mikrometa moja ya ujazo. Kipenyo kikiongezeka mara kumi, uso huo hushuka hadi 0.6. Chakula chote huingia, na taka zote hutoka, kwa kupitia usoni. Kitu kidogo kina mlango mkubwa kwa kadiri ya nyumba yake, na kwa sababu hiyo bakteria huweza kula upesi na kuzaana upesi bila vyombo vya kusafirishia mizigo ndani ya mwili. Udogo wao ndio mbinu yao ya maisha.

Isitoshe, udogo huo si sheria. Mwaka 1999 ilitangazwa habari ya bakteria aliyepatikana katika matope ya bahari mbele ya pwani ya Namibia, akaitwa Thiomargarita namibiensis, jina lenye maana ya lulu ya kiberiti ya Namibia. Huweza kufikia milimita 0.75, kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Mwaka 2022 akatangazwa ndugu yake, Thiomargarita magnifica, aliyetoka katika mikoko ya kisiwa cha Guadeloupe huko Karibi, ambaye ni kama uzi mweupe wa sentimita 1, na wengine hufikia 2. Wote wawili hujaza sehemu kubwa ya miili yao kwa kifuko cha maji, na uhai wenyewe ukabaki kama tabaka jembamba karibu na uso; yaani wamekuwa wakubwa bila kuivunja hesabu ya uso na ujazo iliyotajwa. Huyu wa Guadeloupe amewashangaza wataalamu kwa jambo jingine tena. DNA yake imo ndani ya vifuko vingi vidogo vyenye utando, na wagunduzi wake waliviita kwa neno la Kifaransa lenye maana ya mbegu ndogo za tunda. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kulieleza jambo hilo leo, na ambaye amekwisha kuwaambia wasomaji wake kwamba bakteria ni kiumbe asiyeonekana kwa macho na asiye na kiini, atakuwa na kazi ya kuyafuta maneno yake mwenyewe. Aliyesema kiini wazi atahitaji kuongeza tu kwamba yuko bakteria mmoja ambaye kiini chake kimegawanyika kuwa kokwa nyingi zilizofungwa.

Sehemu iliyo tajiri zaidi, na yenye hatari zaidi, ni ile ya utando na ukuta.

Utando ni uchaguzi bora kuliko wote katika istilahi hizi. Limetokana na kitenzi tanda, na mtu wa kawaida hulijua kwa mambo matatu: utando wa maziwa, utando wa buibui, na utando unaoziba jicho la mzee. Yote matatu ni membamba, na la kwanza lina ukaribu wa kushangaza na kitu kinachotajwa, maana utando wa seli nao kwa sehemu kubwa ni mafuta na protini, umetanda penye maji, na unene wake ni nanometa 7 au 8 tu. Wako waliopendekeza kiwambo, kwa kuwa neno hilo linatumika kwa ngozi ya ndani ya sikio. Lakini kiwambo hutoka katika wamba, na kinachowambwa huvutwa na kukazwa, kama ngozi ya ngoma. Utando wa seli haujakazwa. Ni mabamba mawili ya molekuli za mafuta yaliyolaliana, mikia yao ikitazamana ndani na vichwa vyao vikielekea majini, na molekuli hizo huteleza kila upande bila kuachana. Kitu kinachotiririka hakiwezi kuwa kiwambo. Upungufu wa neno utando ni mmoja tu, nao ni kwamba utando wa maziwa hutanda juu na hauzunguki, wala hauna milango. Mwalimu hana budi kuongeza kwamba utando wa seli umeizunguka seli pande zote na kwamba una protini zinazochagua nini kipite na nini kizuiwe.

Ukuta ni habari nyingine. Neno hili limekwisha kuenea na hapana faida ya kulipinga, lakini lahitaji kuhakikiwa kwa sababu picha yake ni ya uongo kwa kiasi. Msikilizaji wa pwani akisikia ukuta huona mawe na chokaa; wa bara huona fito, udongo na matofali. Katika picha zote hizo ukuta hujengwa kwa vipande, huzuia kupita, na husimama wenyewe. Ukuta wa bakteria haufanyi hata moja kati ya hayo. Ni minyororo ya sukari iliyoshonwa pamoja kwa viungo vifupi vya protini mpaka ikawa mfuko mmoja uliofumwa, usio na mwanzo wala mwisho. Maji na molekuli ndogo hupita katika matundu yake bila taabu. Kazi yake si kuzuia wageni bali ni kuishika seli isipasuke, kwa kuwa ndani ya seli mna chumvi na molekuli nyingi kuliko nje, maji huvutwa kuingia, na msukumo wa ndani ni mkubwa. Mvuvi wa Lamu au wa Pemba angeuelewa ukuta huo mara moja angeambiwa kwamba ni dema: chombo kilichosukwa, chenye matundu, kinachopitisha maji na kushika umbo. Si lazima istilahi ibadilishwe iwe dema. Ni lazima maelezo yabadilishwe, na neno kufuma liingie mahali pa kujenga.

Jambo hili si la anasa ya wasomi. Dawa ya penisilini, ambayo Alexander Fleming aliitambua London mwaka 1928, hufanya kazi kwa kuzuia ufumaji huo. Bakteria anapokua huku akizuiwa kushona viungo vya mfuko wake, mfuko hudhoofika, msukumo wa ndani hushinda, naye hupasuka. Seli ya mwanadamu haina mfuko huo, na ndiyo sababu dawa humwua mgeni bila kumgusa mwenyeji. Virusi navyo havina, kwa kuwa si seli hata kidogo. Kwa hiyo penisilini haiwezi kuvidhuru. Wako pia bakteria wa kundi la Mycoplasma ambao hawana ukuta kwa asili yao, na kwao vilevile penisilini haifai kitu. Habari hii nzima, ambayo ingemsaidia mgonjwa wa mafua kuelewa kwa nini mganga amekataa kumwandikia dawa hiyo, husemeka kwa Kiswahili chepesi. Inachohitaji ni neno kwa mwenye ukuta na neno jingine kwa asiye nao. Lugha ya mabango ya zahanati imeliziba pengo hilo kwa neno viini, linalobeba bakteria na virusi pamoja, na kisha ikatangaza dawa ya kuua viini. Mgonjwa aliyesoma bango hilo na kudai dawa ya bakteria kwa ugonjwa wa virusi hakukosa kusoma. Amesoma vizuri kilichoandikwa. Nayo matumizi ya dawa mahali pasipostahili huwapa bakteria walio mwilini nafasi ya kuizoea na kuishinda.

Neno kijasumu, ambalo limezaa kiuavijasumu, limejaribu kuliondoa tatizo hilo na limelileta jingine. Limempa bakteria sumu katika jina lake. Maziwa lala yanayonywewa kila nyumba nchini Kenya ni kazi ya bakteria, na utumbo wa kila msomaji una bakteria wasio na idadi wanaoishi naye kwa amani. Kama istilahi ya dawa yaweza kuvumiliwa, maana dawa haielekezwi ila kwa adui, istilahi ya biolojia haiwezi.

Ukuta ndio uliowagawa bakteria katika makundi mawili yanayojulikana na kila mfanyakazi wa maabara. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, akifanya kazi Berlin, aligundua kwamba bakteria wakitiwa rangi ya zambarau, kisha iodini, na kisha wakaoshwa kwa spiriti, baadhi hubaki na rangi na wengine huipoteza. Wanaoishika rangi wana ukuta mnene, kuanzia nanometa 20 hadi 80. Wanaoipoteza wana ukuta wa nanometa chache tu, lakini nje ya ukuta huo wana utando wa pili. Katika Kiswahili makundi haya yameanza kuitwa gramu chanya na gramu hasi. Hapa tafsiri imeanguka vibaya. Jina la mtu limegeuzwa kuwa kipimo cha uzito, na chanya na hasi yakaletwa kutoka somo la hesabu na la umeme. Matokeo ni bakteria mwenye uzito ulio chini ya sifuri. Hali kila mnunuzi wa kanga analo neno linalohitajika. Nguo inayopoteza rangi ikifuliwa huchuja. Basi wako bakteria wanaochuja na bakteria wasiochuja, na jaribio zima la Gram limo ndani ya kitenzi hicho kimoja. Wala si hasara kwamba kuchuja kuna maana ya pili, maana ule utando wa nje wa wanaochuja una vijitundu vya protini ambavyo huruhusu molekuli ndogo na kuzikataa kubwa. Jina halimalizi habari yote, kama majina yote: bakteria wa kifua kikuu amejipaka tabaka la nta hata rangi za Gram hazimwingii sawasawa, na hawezi kuwekwa katika kundi lolote kati ya hayo kwa jaribio hilo pekee.

Kuwapo kwa utando wa pili kunavunja pia kanuni inayokaririwa darasani, kwamba utando uko ndani na ukuta uko nje. Kwa wasiochuja kanuni ni kweli. Kwa wanaochuja, ukuta umo katikati ya tando mbili, kama fito zilizokandikwa udongo pande zote.

Kundi la tatu la maneno, na ambalo Kiswahili bado kina nafasi ya kulipata sawasawa tangu mwanzo, ni lile linalowahusu viumbe walioonekana kwa muda mrefu kuwa bakteria na kumbe sio. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, walilinganisha RNA ya ribosomu za viumbe mbalimbali na wakaona kwamba vijidudu vinavyotoa gesi ya methani viko mbali na bakteria wa kawaida kwa kiasi ambacho haviwezi kuhesabiwa jamaa moja. Jina walilolitoa mwanzoni lilikuwa na maana ya bakteria wa kale. Mwaka 1990 Woese, pamoja na Otto Kandler na Mark Wheelis, alipendekeza sehemu ya bakteria iondolewe katika jina hilo, kwa sababu ilikuwa ikipotosha.

Mwandishi wa Kiswahili anayetafsiri leo kwa kusema bakteria wa kale anarudia kosa ambalo wenyewe walikwisha kulisahihisha, tena analirudia mara mbili: viumbe hao si bakteria, na hapana ithibati kwamba ni wa kale kuliko bakteria. Neno akea lafaa zaidi. Wapenzi wa usafi wa lugha watalilalamikia kwa kuwa ni la kukopa, na baadhi watapendelea arkea. Lakini Kiswahili kimekwisha kukubali akiolojia, lenye mzizi uleule wa Kigiriki, na kimeidondosha r kwa mujibu wa matamshi yake. Akea linafuata njia iliyokwisha kupasuliwa. Tena neno la kukopa lina faida ya ububu. Halimwambii msikilizaji kitu, na kwa hiyo halimdanganyi.

Tofauti yao na bakteria imo hasa katika vile vifuniko viwili vilivyozungumzwa. Katika utando wa bakteria, kama katika wa mwanadamu, mikia ya mafuta imeungwa na gliseroli kwa kiungo kiitwacho esta. Katika akea mikia ni ya namna nyingine, yenye matawi, na kiungo ni etha, ambacho ni kigumu kuvunjika. Zaidi ya hayo, gliseroli ya akea imeelekea upande wa pili, kama kiatu cha kushoto kilivyo kwa kile cha kulia. Baadhi ya wanaopenda joto kali wamefika mbali zaidi: mikia ya mabamba mawili imeunganika kuwa molekuli moja inayovuka kutoka upande hadi upande, na utando ukawa bamba moja lisiloweza kubanduka. Kwa viumbe hao mfano wa mabamba mawili yaliyolaliana, unaofundishwa kama sheria ya uhai wote, haufai. Kuhusu ukuta, hakuna akea mwenye ule mfuko wa sukari uliofumwa kwa namna ya bakteria; wachache wana kitu kinachofanana nao bila kuwa sawa, na wengi wana tabaka la protini zilizopangwa moja kando ya moja kwa utaratibu mkamilifu. Penisilini haiwadhuru. Kuliita tabaka hilo ukuta ni kurudia kuchanganya vitu viwili visivyohusiana, wakati Kiswahili kinalo neno gamba, na mpangilio wenyewe ni wa magamba.

Hapana haja ya kwenda mbali kuwatafuta. Ziwa Magadi, katika Bonde la Ufa kusini mwa Kenya, lina maji makali ya chumvi na magadi, na wekundu unaoonekana penye maji yaliyokauka nusu hutokana kwa sehemu kubwa na akea wenye rangi hiyo. Mwaka 1984 wataalamu waliochunguza viumbe wa ziwa hilo walimpa mmoja wao jina la Natronobacterium magadii. Mwaka 1997, ukoo wake ulipopangwa upya, akahamishwa na kuitwa Natrialba magadii. Neno bakteria likaondoka, neno Magadi likabaki. Akea wengi wa maziwa ya namna hiyo hutegemea chumvi hata kwa umbo lao, na wakitiwa katika maji ya mvua huvimba na kupasuka. Kwa hiyo jina la Kilatini linalosomwa katika maabara za dunia nzima limebeba neno la jikoni, linalotajwa na kila mpishi anayelainisha maharagwe, ilhali katika Kiswahili chenyewe kiumbe huyo bado hana jina la jamaa yake.

Limebaki swali la upatanisho wa kisarufi. Waandishi wengine husema bakteria hii na bakteria hizi, wengine bakteria huyu na hawa, na mara nyingi mwandishi mmoja hutumia njia zote mbili katika ukurasa mmoja. Sarufi ya Kiswahili huwapa viumbe hai upatanisho wa A-WA bila kujali umbo la nomino, na kwa kigezo hicho bakteria na akea hawana pa kukimbilia: wanakula, wanakua, wanazaa. Virusi vimejikuta katika KI-VI kwa sababu silabi ya kwanza ya neno la kukopwa ilisikika kama kiambishi cha wingi, hata umoja wake ukawa kirusi. Jambo hilo lilitokea kwa bahati, lakini tofauti iliyopatikana ni ya haki, kwa kuwa virusi havina seli yao wenyewe na havizai ila ndani ya seli ya mwingine. Itakuwa vyema wahariri wa vitabu vya shule waishikilie tofauti hiyo: bakteria hawa, akea hawa, virusi hivi.